Ismaili Haombi Msamaha

Ukiuliza Rusimbi, hapa Kigoma, nani anaijua besiboli, utaambiwa Ismaili, na ukitajiwa mwingine ujue unataniwa. Mwalimu Nehemia, aliyeuleta mchezo ule shuleni, alikuwa na mambo matano anayoyatafuta kwa mchezaji: aulenge mpira, aupige mbali, awe na mbio, adake, na awe na mkono wa kurusha. Wengi walikuwa na moja au mawili. Yakobo wa beisi ya kwanza, kile kituo cha kwanza cha kukimbilia, alidaka kila kitu, lakini kukimbia, jamani, tusiseme. Ismaili alikuwa nayo yote matano, na umri wake miaka kumi na mitano tu. Alisimama kati ya beisi ya pili na ya tatu, pale inapopita mipira mikali, na kwake haikupita.

Basi Mwalimu akaongeza la sita, utii. Alilisema mara nyingi kuliko yale mengine yote, huku akimwangalia Ismaili.

Siku ya kuchagua watakaokwenda kwenye mashindano ya taifa Dar es Salaam, Ismaili alicheza kama mtu aliyekwisha kupanda treni. Mwaka mzima alikuwa hawazi jingine. Kumbe wakati wanabadilishana zamu ya kupiga, upande wa Kongo, ng'ambo ya ziwa, ulikuwa umeshakuwa mweusi, na upepo umeanza kunukia maji. Mtoto wa Kibirizi, ufukweni kwa wavuvi, haambiwi maana yake. Mama yake, Bi Zaituni, alikuwa ameanika dagaa mchangani tangu asubuhi, yuko peke yake, na mkono wa kulia umefungwa plasta.

Akamwendea Mwalimu, akaomba ruhusa kwa adabu zote. Mwalimu akamjibu kwamba mama yake afunike turubai, mambo yaishe. Mwalimu ni mtu wa Kalinzi. Kwao huko juu milimani wanaanika kahawa. Mvua ikija wanafunika na kuendelea na mazungumzo yao. Ismaili akamweleza kwamba dagaa wa mchangani hawafunikwi, maji yanapita chini na joto linawapika juu, ukifunua unakuta uji unaonuka. Dagaa wanaanuliwa, tena mbio. Mwalimu akasema visingizio anavijua, na kwamba atakayetoka uwanjani leo ametoka na kwenye timu.

Ismaili akaivua glavu ya shule, akaiweka chini taratibu, akaondoka mbio. Nyuma yake wenzake walicheka, eti anakwenda kufagia dagaa na akina mama. Wacheke tu.

Waliwahi. Yeye na mama yake na majirani wawili, ufagio huku, beseni kule, hadi matone ya kwanza mazito yalipoanza kutoboa mchanga, dagaa karibu wote wakiwa ndani. Bi Zaituni alikaa kwenye ndoo akihema, akamuuliza mwanawe mbona amerudi mapema. Alipoambiwa, aliinuka akaanza kuwachambua dagaa waliolowa.

Kesho yake Yakobo akaja na ujumbe. Mwalimu amesema nafasi ipo, Ismaili aombe msamaha mbele ya timu nzima. Mpaka atakapoomba, haruhusiwi kucheza, na atakayecheza naye ataondoka naye.

Bi Zaituni akamshauri mwanawe akubali. Samahani ni neno tu, alisema, lisemwe watu waendelee na safari.

"Mama, nikiomba msamaha nitakuwa nimesema kwamba nilipaswa kukuacha kwenye mvua. Siwezi kulisema hilo. Hata Dar iende zake."

Mama aligeuza dagaa kwa mkono mmoja, akawageuza tena, nao walikuwa wamekwisha kukauka.

Jumatatu jioni Ismaili alikwenda uwanjani bila kuitwa. Hakumwamkia mtu njiani. Alikwenda moja kwa moja hadi mahali pake, ambako sasa alikuwa amewekwa Jeremia, maskini, aliyepigwa na mipira hadi miguu ikavimba. Jeremia akamtazama Mwalimu, akamtazama Ismaili, akaiacha glavu kwenye nyasi na kujisogeza pembeni kwa furaha isiyofichika. Mwalimu, aliyesimama nyuma ya mdakaji akiamua mchezo, alijifanya haoni. Akaamuru mpira urushwe.

Elikana, aliyekuwa na zamu ya kupiga, akapiga. Ulikuwa mpira wa hasira, wa chinichini, unaokimbilia kulia kwa Ismaili mahali ambapo mtu hafiki. Ismaili akajitupa. Ukamwingia kwenye glavu akiwa bado kifudifudi, akainuka kwa goti moja, na kutoka hapohapo akaurusha kuelekea beisi ya kwanza.

Sasa mambo yote yakawa kwa Yakobo. Akiudaka, amecheza na aliyefukuzwa, na Dar ataisikia redioni. Elikana anakuja mbio aifikie beisi kabla ya mpira. Yakobo akanyoosha mkono, akaudaka.

"Auti!"

Ilikuwa sauti ya Mwalimu Nehemia, na ngumi yake iko juu. Mdomo ulikuwa umemtangulia kumkubali aliyemfukuza. Uwanja mzima ukamgeukia, naye akaishusha ile ngumi kama hajui ni ya nani. Akamwita Ismaili. Ismaili akaja, magoti yanatoka damu, akasema shikamoo na kusimama wima.

"Umekuja kuomba msamaha?"

"Hapana, Mwalimu. Nimekuja kucheza. Na mvua ikija, nitaondoka tena."

Wachezaji walitazama chini. Mwalimu akaliokota gongo aliloliacha Elikana.

"Rudi pale," alisema.

Ismaili alirudi. Mwalimu akampigia mpira kwa nguvu zake zote, kwa hasira zake zote, naye akaudaka, akamrudishia, akasimama akisubiri wa pili.