Kibiriti na Injini ya Pikapu

Gari lenyewe lilikuwa jekundu, la michezo, la viti viwili tu, na kwa udogo wake mtaa mzima uliliita Kibiriti. Baba alilinunua ujanani, kabla hajajua kwamba nyumba atakayoijenga itakuwa juu ya mlima. Likiwa na mtu mmoja lilipanda kwa kunung'unika. Likiwa na wawili liligoma katikati, likafuka moshi na kuanza kurudi kinyumenyume. Kwa hiyo miaka thelathini Mama alishushwa chini ya mlima, akavua viatu, akapanda kwa miguu. Baba alimsubiri juu bila kuzima injini, maana ikizimwa ilikuwa na tabia ya kutowaka.

Baba alipofariki, Kibiriti kilibaki kwa binti yake mdogo, fundi cherehani, ambaye alijifunza kubadilisha gia ndani ya gari hilohilo. Kilikaa uani mwa nyumba ile ya mlimani miaka miwili. Dada yake, mwalimu wa hesabu aliyeishi hapo na Mama, alikihesabia siku zote hizo.

"Mdogo wangu, nataka pa kuanikia nguo," Dada alisema. "Jumamosi, saa kumi jioni. Lipande mlima na watu wawili, bila kusukumwa. Likishindwa, Jumatatu linakwenda kwa wauza vyuma chakavu."

"Sawa," alijibu fundi cherehani, haraka mno, kisha akarudi kwake akakaa mbele ya cherehani bila kushona chochote.

Bahati yake, alikuwa ameolewa na fundi magari. Gereji ya mumewe na chumba chake cha kushonea, kule mtaani chini, vilitenganishwa na ukuta mmoja wenye dirisha, na kupitia dirisha hilo waliazimana vitu mchana kutwa: mkasi, mafuta ya kulainisha, sumaku, maneno makali. Mume alizunguka Kibiriti mara tatu akajikuna kidevu.

"Injini hii hata mimi naibeba," alisema. "Tunaitoa. Nimeona pikapu imegongwa nyuma, mbele nzima kabisa. Injini yake ni mara mbili ya hii."

"Itaingia?"

"Nitapima kwanza. Mimi sikurupuki."

Alipima kweli. Nafasi ya chini ya boneti aliipima kwa tepu ya kupimia nguo, aliyoichukua dirishani, na injini ya pikapu akaipima kwa rula yake ya chuma. Hesabu ilimpa hadi sentimita moja ya kupumulia. Siku tatu zikaishia kwenye kukata, kuchomelea na kutukana kwa sauti ya chini. Akabadilisha springi za mbele na breki, kwa sababu, alisema, gari likijua kukimbia lazima lijue na kusimama. Ijumaa mchana injini ya pikapu ikaning'inia kwenye mnyororo, ikashushwa taratibu, ikakaa mahali pake. Mume akafunga boneti. Boneti ikagoma.

Akaisukuma. Akaikalia. Ilikuwa imebaki wazi sentimita tatu.

"Haiwezekani," alisema. "Nimepima mara mbili."

"Umetumia nini kupima?" mkewe aliuliza kutoka dirishani.

Akainua tepu. Fundi cherehani akashika mdomo. Tepu ile ilikatwa na mkasi ncha yake mwaka juzi, nayo ilianzia kwenye nne. Yeye alikuwa akitoa nne kwa kila kiuno na kila bega bila hata kufikiri, kiasi kwamba hakuwahi kumwambia mtu.

"Inaanzia kwenye nne?" mume alisema polepole. "Wewe mwanamke, unaishije na tepu inayoanzia kwenye nne?"

"Naishi vizuri. Wateja wangu hawajawahi kubanwa."

Walitazamana. Kisha kicheko kikawashika, kile kibaya cha kukufanya ushike ukuta, na mume akakaa chini sakafuni na ufunguo mkononi, machozi yakimtoka. Lakini kesho ilikuwa Jumamosi, na fundi cherehani ndiye aliyenyamaza kwanza. Alikuja gereji, akaitazama boneti kwa jicho alilotazamia gauni lililokataa kufunga zipu.

"Mteja akija na tumbo la miezi saba, simwambii apunguze tumbo," alisema. "Namwongezea kitambaa. Nipe gazeti."

Alilaza gazeti juu ya injini, akachora, akakata, akaweka mikunjo miwili kwa pini. Mume akaufuata mfano ule kwenye bati, akakata tundu katikati ya boneti, akachomelea nundu mahali pake. Jua lilipokuwa likielekea kuzama Kibiriti kilifunga boneti yake, na kilikuwa kinaonekana mjamzito kweli.

Jumamosi, saa tisa na nusu, fundi cherehani alimpakia Mama. Mama alikuwa amevaa viatu vyeupe, na mkoba umekaa juu ya magoti. Mume alibaki gereji kwa sababu hakukuwa na kiti cha tatu, na kwa sababu moyo wake, alisema, haukuwa na springi mpya. Dada alikuwa tayari juu ya mlima, mikono kifuani, saa mkononi.

Kibiriti kilipowaka, mbwa wawili walihama mtaa. Barabarani kilivuta kwa nguvu kiasi kwamba fundi cherehani alijikuta anacheka peke yake. Chini ya mlima alisimama kupisha lori, akafumba macho, akasema maneno mawili matatu kwa Mungu na moja kwa Baba. Akasikia mlango ukigonga. Mlango ule haukuwahi kufunga vizuri, akadhani Mama anaurudishia. Akaachia klachi.

Mlima ulikuja na ukapita. Alikuwa anapiga kelele. "Mama, unaona? Mama, hata haikohoi. Gia ya tatu, Mama, mlimani, gia ya tatu." Alifika juu akavuta breki ya mkono mbele ya Dada, akaruka nje, akaanza kucheza katikati ya barabara.

Dada alitazama ndani ya gari. "Mama yuko wapi?"

Kwenye kiti kulikuwa na mkoba tu.

Chini kabisa, mtu mdogo alikuwa anapanda mlima kwa miguu, viatu vyeupe mkononi. Miaka thelathini gari likisimama pale, Mama alikuwa anashuka. Na leo limesimama, ameshuka.

"Makubaliano ni watu wawili," Dada alisema, ingawa mdomo wake ulikuwa umeanza kutabasamu upande mmoja. "Bado dakika nane."

Fundi cherehani alirudi garini, akateremka mbio, akageuza chini, akapanda tena, na akasimama ubavuni mwa Mama pale mlima ulipokuwa mkali zaidi.

"Mbona umerudi?" Mama aliuliza akihema. "Nimekaribia."

"Panda, Mama."

"Hapa? Katikati? Mwanangu, hapa haliondoki hata siku moja. Litaturudisha nyuma."

"Panda, tafadhali."

Mama akapanda, akashika dashibodi kwa mikono miwili na kufumba macho. Breki ya mkono ikaachiwa. Kibiriti kilitulia nukta moja, kikainua nundu yake, kikaondoka. Mama akafumbua jicho moja. Kisha la pili. Walipompita Dada, Mama alikuwa anacheka kwa sauti ambayo binti zake hawakuisikia tangu msiba, na saa ya Dada ilikuwa bado inaidai saa kumi dakika mbili.

Gari likasimama pale Baba alipozoea kusimama. Fundi cherehani akanyoosha mkono kwenye ufunguo.

"Usizime," Mama alisema.

"Sasa hivi likizimwa linawaka, Mama."

"Usizime. Turudi chini."

"Kufanya nini?"

"Kupanda." Mama alivitupa viatu nyuma ya kiti. "Miaka thelathini nimeutembea mlima huu, na sikujua kama huku juu unafika ukiwa bado na pumzi ya kuongea."

Dada alisogea dirishani. Mikono yake haikuwa tena kifuani. "Na mimi?"

"Wewe simama hapo hapo," Mama alimwambia. "Mimi baba yenu alinisubiri hapo kila siku, na hakuna siku sikufika."

Dada akasogea pembeni ya barabara, akavua saa yake, akaitia mfukoni, akasubiri.