Joto la Perez Kanisani

Lile joto lingekuwa na adabu, lingemjia Perez nyumbani, mlango umefungwa. Lakini wapi! Lilimvizia kanisani Kisian, katikati ya sala. Lilianzia kifuani, pale penye kovu, likapanda shingoni, uso ukawaka, jasho likamchuruzika mpaka kanzu nyeupe ikamganda mgongoni. Na katika kanisa lao la ngoma, mwanamke akiloa hivyo huku mikono inamtetemeka, hakuna anayeuliza kama anaumwa. Ameshukiwa na Roho. Anazungukwa, ngoma inasogezwa sikioni pake, na watu wanangoja atoe ujumbe.

Jumapili nne mfululizo! Awuor, mkuu wa akina mama, ndiye aliyekuwa akimbana kuliko wote. "Sema, nyamera, dada yangu! Sema!" Perez hakuwa na la kusema. Alitaka maji baridi na dirisha.

Ni mumewe tu, Absalom, aliyekuwa kibarua kiwanda cha sukari Muhoroni, aliyejua kwamba mwaka uliopita, tisini na tatu, Perez alitolewa titi hospitalini Kisumu, na kwamba sasa alikuwa anameza kidonge kimoja kila siku ili kansa isirudi. Sista Walubengo wa kliniki alimwonya kuhusu joto. Vaa nguo za pamba, alisema, punguza chai ya moto na pilipili, kaa na kitambaa chenye maji. Ukishindwa, njoo tuongee, usiache tu. Ushauri mzuri sana. Lakini Sista Walubengo hakuwa anapigiwa ngoma sikioni.

Miaka mitano ya kumeza! Perez alikuwa amemaliza miezi minane, na uvumilivu ulikuwa umemwishia. Akaacha. Siku tatu hakugusa kidonge, na alijua fika anacheza na maisha yake. Alijua, na alikuwa amechoka vilevile. Joto lenyewe wala halikujali kwamba ameacha dawa. Jumapili ya tano likaja kama kawaida, na Awuor akaja nalo.

"Roho anasema nini, nyamera?"

"Roho hajasema kitu!" Perez alifoka. "Hii ni dawa! Nilitolewa titi, nakunywa dawa ya kansa, ndiyo inaniletea hii joto. Niachieni hewa, yawa!"

Ngoma ikanyamaza. Perez akatoka, akaokota viatu vyake mlangoni kwa hasira. Awuor akamfuata. Haya, sasa nafukuzwa, Perez aliwaza, na wanifukuze.

Lakini Awuor, ambaye sauti yake ilisikika mpaka barabara ya Busia, alinong'ona. Alimvuta nyuma ya kanisa, akaushika mkono wa Perez, akauingiza ndani ya kanzu yake mwenyewe, kando ya kwapa. Vidole vya Perez vikagusa kitu kigumu ambacho hakikusogea.

"Iko toka mwaka jana," Awuor alisema. "Nilikuwa naomba Roho aniambie ni nini. Nikaona anakushukia wewe kila Jumapili. Ndiyo maana nilikuwa nakubana."

Perez alitamani kumzaba kofi, na alitamani kulia. "Mwaka mzima, Awuor! Si ungeniuliza?"

"Na wewe ulikuwa umesema?"

Perez alikuwa bado ameshika viatu. Alivivaa vibaya, akavivua tena.

"Kesho asubuhi tunaenda Kisumu," alisema hatimaye. "Mimi na wewe. Na usiniambie habari ya maombi kwanza."

Awuor alitikisa kichwa kukubali. Akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa cha kichwani. "Na hiyo dawa, wakinipatia... Hiyo joto yote, wewe unawezana nayo namna gani?"

"Siwezani nayo," Perez alisema. "Inaniudhi kila siku, na kila siku nameza."

Ulikuwa uongo wa siku tatu. Aliondoka upesi kwenda nyumbani, kabla Awuor hajauona usoni pake, akameze kidonge.