Kifuniko cha Bakuli la Anselme

Mlango wa tanuri ulikuwa umekwisha kuzibwa kwa matofali, na moto umeshika kasi, Odile alipokumbuka mchanga.

"Shemeji," alimwita Firmin, mdogo wa marehemu mumewe Anselme, aliyekuwa akisukuma kuni. "Kifuniko cha bakuli la Anselme ulikinyunyizia mchanga?"

"Mimi? Nilijua umenyunyiza wewe."

Wote wawili wakageukia tanuri. Pale kijijini La Borne kila mfinyanzi anajua kwamba chumvi ikitupwa motoni huvivika vyombo mng'ao, na kifuniko kisichotiwa mchanga mdomoni huganda na chombo chake. Lakini kazi ya mchanga miaka yote ilikuwa ya Anselme, hakuna mwingine aliyeigusa. Sasa Anselme alikuwa makaburini tangu majira ya baridi, na bakuli hilo la supu ndilo la mwisho kutoka mikononi mwake. Alisema ni la meza ya binti yao Mireille siku atakayoolewa. Harusi ilikuwa Jumamosi.

"Basi tusitie chumvi," Odile alisema.

"Na vyombo vya watu vilivyomo humu? Vitoke vikavu kama matofali?"

Chumvi ikatupwa. Odile akafanya ishara ya msalaba.

Tanuri lilipopoa walibomoa mlango. Bakuli lilitoka zuri, la hudhurungi, linang'aa. Odile akashika kifuniko, akakizungusha. Hakikwenda.

"Mpelekee Mireille hivyo hivyo," Firmin alisema. "Mwambie ni pambo."

"Nyamaza, shemeji."

Firmin akaokota kipande cha ukuni, akaanza kugonga ukingo wa kifuniko taratibu, akizunguka.

"Polepole, utalipasua."

"Nimegonga vifuniko tangu wewe hujaolewa kijijini hapa."

"Vikapona vingapi?"

Firmin akaendelea kugonga. Odile alilikumbatia bakuli kwa viganja, midomo ikisali Salamu Maria. Mara kikasikika kitu, tik. Firmin akashusha mkono. Odile akapitisha kidole pande zote, akitafuta ufa, asiuone. Akainua. Kifuniko kikaja, kikaacha mdomoni mwa bakuli kovu dogo linalokwaruza.

Odile akaketi juu ya kuni akicheka huku machozi yanamtoka.

"Asante Mungu."

"Mungu peke yake?" Firmin aliuliza.

"Na wewe. Haya, lete jiwe la kunolea tulainishe hapa, mtoto wangu asije akajikata."