Damu ya Mwenye Afya

Jokofu la maabara ile lilikuwa na mwenyewe. Watafiti wenye shahada zao walilifungua kwa ruhusa, na profesa, ambaye idara nzima ilikuwa chini yake, alikuwa akipiga hodi kwanza kana kwamba ndani amelala mtu. Mwenye jokofu alikuwa fundi wa maabara, mwanamke wa miaka arobaini na saba, mwembamba, mkali wa kalamu na daftari. Kwa kuwa mali yake yote ilikaa kwenye baridi ya nyuzi themanini chini ya sifuri, walimpachika jina la Mama Barafu. Hakulikataa. Kuna watu wamepewa majina mabaya zaidi na wakazikwa nayo.

Humo ndani mlikuwa na damu, na vipande vya ini vidogo kama punje za mchele, vya watu ambao maini yao yalijaa mafuta, yakaota makovu, yakakakamaa, ilhali pombe hawaigusi. Ndio utafiti wenyewe: kwa nini ini la mtu asiyekunywa liharibike kama la mlevi? Profesa aliamini jibu limo ndani ya seli, katika maelekezo ambayo mtu huzaliwa nayo. Mama Barafu alimkatia vipande, akamchanganyia dawa, akamsomea mashine, na wala hakuamini. Kila alipokuta kwenye fomu ya mgonjwa pameandikwa "hatumii kileo," moyoni mwake aliongeza neno moja: anasema.

Alikuwa na sababu, nayo ilikuwa kaka yake.

Kaka huyo, aliyemtangulia kwa miaka mitatu, alikuwa dereva wa basi la shule. Miaka minne nyuma alianza kuchoka bila kufanya kazi, tumbo likajaa, macho yakaingia umanjano. Picha ya ini ilipotoka, daktari alimuuliza anakunywa kiasi gani kwa siku. Akajibu hanywi. Akaulizwa tena kwa upole, kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Akajibu hanywi. Familia ikaketi, na kwa kuwa ukoo ule ulikuwa na mtaalamu mmoja tu wa maini, picha ikapita mkono kwa mkono hadi ikamfikia. Mama Barafu aliiinua kwenye taa, akaitazama, akasema mbele ya wote, "Maini ya namna hii nimeyakata mara mia. Hili ni la chupa."

Basi, yakawa hayo. Shule nayo ikasikia, maana shule husikia kila kitu, na kaka akanyang'anywa usukani, akapewa ndoo na kitambaa aoshe mabasi aliyokuwa akiyaendesha. Mkewe hakumwacha, lakini alihamia chumba cha watoto. Kaka hakugombana na mtu. Alichofanya ni kuacha kuzungumza na dada yake, na mwanamume yule akishaacha kitu ameacha. Hilo peke yake lingemfikirisha mtu aliyetaka kufikiri, lakini Mama Barafu hakutaka.

Sasa tuje kwenye damu. Kila kipimo kinahitaji damu ya mtu asiyeumwa, ya kulinganishia. Maabara nyingine huomba watu wa kujitolea kutoka nje, kwa fomu na saini. Ile ya kina Mama Barafu ilikuwa na desturi yake: damu ilitoka kwa wafanyakazi wenyewe. Mwanzoni walitoa kwa zamu, ila mtafiti mmoja alizimia kwa kuona sindano, mwingine alikuwa na presha, na profesa alikuwa na kitambi cha kutiliwa shaka. Ukabaki mkono wa Mama Barafu, asiyekunywa, asiyevuta sigara, anayekuja kazini kwa miguu. Kwa miaka mitatu kichupa chenye lebo ya "mwenye afya" kilikuwa chake, naye alikijaza kwa fahari isiyofichika.

Miaka mitatu hiyo yote matokeo yalikuwa ya tia maji tia maji. Wagonjwa walitofautiana na mwenye afya, lakini kidogo tu, tofauti ya kubishaniwa. Profesa alilaumu dawa, akalaumu umeme, akalaumu mashine. Mwisho akaamua waache kupima wingi wa protini, wasome maelekezo yenyewe herufi kwa herufi, mahali pamoja alipokuwa anapashuku.

Mahali hapo pana jeni inayotengeneza protini ya kuyavunja matone ya mafuta ndani ya ini. Herufi moja ikibadilika, protini inatoka na kasoro: inalikalia tone la mafuta, haifanyi kazi wala haiwapishi wengine, kama karani aliyesinzia kwenye dirisha la huduma. Mafuta yanarundikana. Kila mtu ana nakala mbili za maelekezo hayo, moja ya baba na moja ya mama. Kwenye karatasi ya mashine, nakala zikilingana unaona kilima kimoja; zikitofautiana, unaona vilima viwili vya rangi mbili vimepandana.

Jumanne asubuhi Mama Barafu alisoma karatasi za kwanza. Mgonjwa wa kwanza alikuwa na herufi mbaya kwenye nakala zote mbili. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu alikuwa nayo kwenye nakala moja. Alipofika kwenye kichupa cha mwenye afya, akakuta vilima viwili.

"Nani kachezea pipeti yangu?" aliuliza chumba kizima.

Kila mtu akainamia kazi yake, hawakuwa wajinga. Aliamini kuwa ndani ya mrija huo wa kunyonyea damu ya mgonjwa imechanganyika na yake, na kwa Mama Barafu uchafu kwenye meza yake ulikuwa sawa na kutukanwa. Akasugua meza, akabadili glavu, akarudia kipimo. Vilima viwili. Akafungua dawa mpya ambayo haijaguswa na mtu, akarudia. Vilima viwili. Siku ya tatu alikunja mkono wa blauzi, akatoa damu mpya, akaishughulikia peke yake mwanzo hadi mwisho, na hakumruhusu mtu kusogea hata kumsalimia.

Karatasi ikatoka na vilima vyake viwili, safi, bila wasiwasi wowote.

Akakaa. Afya yake mwenyewe haikumjia akilini kwanza, wala miaka mitatu ya kazi iliyolinganishwa na damu yenye kasoro ileile inayotafutwa. Aliwafikiria wazazi wake. Kama yeye amerithi moja, basi mmoja wao alikuwa nayo. Na kama wote wawili walikuwa nayo, mtoto wao mwingine angeweza kurithi mbili. Aliona haya, haya ya kweli, mpaka masikio yakapata moto.

Profesa alipoambiwa alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Miaka mitatu tumewapima wagonjwa kwa mzani uliopinda," alisema.

"Mzani wenyewe ni mimi."

"Mzani ni desturi yetu, na aliyeiruhusu ni mimi. Tutatafuta watu ishirini wa nje, turudie yote." Akamtazama. "Lakini si hilo linalokusumbua."

Mama Barafu akamweleza habari za kaka yake, na maneno aliyoyasema na picha mkononi. Profesa alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza.

"Aje kama mtu mwingine yeyote," alisema. "Muuguzi atamtoa damu, sampuli itapewa namba, wewe hutaigusa. Na usije ukamdanganya. Herufi hazisemi kama mtu alikunywa au hakunywa. Zinasema tu kwamba angeweza kuugua hivyo bila kunywa."

Jumamosi alimkuta kaka kwenye yadi ya shule, amekunja suruali, anasugua tairi. Alikuwa amekonda. Ini lake lilijikongoja tu, kwa dawa na kwa kuchunga anachokula.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," alijibu, kwa kuwa salamu ni salamu, akaendelea na tairi.

"Nimekuja kukuomba damu."

"Mnataka mwinuse kama ina pombe?"

"Hapana. Nataka tujue kama kuna kitu tulizaliwa nacho. Mimi ninacho."

Kitambaa kikasimama. Kaka akageuka, akamwangalia kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne. "Unaumwa?"

Swali hilo lilimchoma kuliko matusi yote aliyokuwa amejiandaa kuyapokea. "Siumwi," alisema. "Nimerithi moja tu. Wewe huenda umerithi mbili."

Kaka alikamua kitambaa, akakitandaza juu ya ndoo polepole. Alisema atakuja Jumatatu akimaliza kazi, na Jumatatu akaja. Kwenye fomu, pale panapouliza majibu apewe nani, aliandika: dada yangu.

Majibu yalichukua wiki mbili. Kaka alikuwa na herufi mbaya kwenye nakala zote mbili.

Mama Barafu mwenyewe aliipeleka karatasi nyumbani kwa kaka yake, alasiri, akaiweka kwenye meza ya sebuleni. Hakuwa amekanyaga nyumba ile tangu siku ya kikao, na alikaa ukingoni mwa kochi kama aliyekuja kuomba kazi.

"Zote mbili," alisema. "Moja ya baba, moja ya mama. Ini lako lingeweza kufika hapo lilipofika bila tone moja la pombe."

Kaka aliisoma karatasi hadi chini, hata pale pasipohusu. "Kwa hiyo inathibitisha kwamba sikunywa."

Angeweza kusema ndiyo. Lilikuwa neno dogo, na wote wawili wangepumua. "Hapana," alisema. "Hakuna kipimo cha kurudi nyuma miaka minne. Inaonyesha kwamba inawezekana. Yaliyobaki ni neno lako."

"Neno langu mlikuwa nalo tangu siku ya kwanza."

"Tulikuwa nalo."

"Ila wewe ukataka karatasi."

Alilia bila sauti, mwanamke ambaye ofisini walidhani hana machozi, akajifuta kwa mkono wa blauzi. Kaka hakumbembeleza, na hakuonekana kufurahia pia.

"Nisamehe, kaka."

"Nitakusamehe," alisema. "Lakini mdogo wangu, ile siku ulisema mbele ya watu, si chumbani kwangu. Wifi yako yuko jikoni. Anzia hapo."

Mama Barafu alinyanyuka, akaichukua karatasi. Alipofika mlangoni akarudi, akaiacha pale mezani, akaenda mikono mitupu.

Wifi yake alikuwa kwenye sinki, mgongo mlangoni, maji ya bomba yanatiririka. Alijua nani ameingia na hakugeuka.

"Wifi," alisema Mama Barafu, "kaka hakunywa. Niliyekosea ni mimi, na nilikosea mbele yenu wote. Nitakwenda kwa kila aliyekuwepo siku ile, na shuleni pia nitakwenda."

"Vipimo ndivyo vimesema hivyo?"

"Vipimo haviwezi kusema hivyo. Nasema mimi. Namwamini."

Wifi alifunga bomba. Alikuwa na kikombe mkononi, bado hakijaoshwa, na kwa muda alikitazama hicho badala ya mgeni wake.

"Miaka minne," alisema, "kila kikombe alichokinywea, nakinusa kabla sijakiosha."

Akakiweka kikombe ndani ya sinki.

"Hakuna hata kimoja kilichonuka."