Pazia la Hoteli

Katika karakana ile ya kushona mapazia, maji yalichukiwa kuliko wizi. Mwizi angalau angesikilizwa. Bosi alishapiga marufuku: hakuna kikombe wala chupa ndani, maana kitambaa cheupe kikipata tone kinaota doa. Madirisha yalifungwa kwa ajili ya vumbi, feni ikazimwa isipeperushe vitambaa. Juu ni bati tupu. Wiki hiyo jua halikuwa linawaka, lilikuwa linakaanga.

Mpiga pasi wao aliitwa Redio, kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia. Kando yake alikaa mama mkwe wake, mshonaji wa pete za mapazia, mwanamke aliyejigamba kwamba joto linamwogopa. Chupa za wafanyakazi zilipangwa nje juani, na kwenda kunywa ni mpaka uombe ruhusa. Mama mkwe hakuzaliwa kuomba. Asubuhi Redio alimsihi akanywe walau funda moja, akamkumbusha kwamba mficha uchi hazai.

"Mimi nilishazaa," mama mkwe akajibu, "na niliyemzaa ndiye aliyekuoa wewe. Piga pasi."

Mchana mkataji wa vitambaa akaangua kicheko. Mama mkwe alikuwa ameshona pete kwenye gauni lake mwenyewe, moja baada ya nyingine, zimejipanga vizuri mapajani. Redio akadakia kwamba mama sasa anataka kutundikwa dirishani, na karakana nzima ikacheka.

Mama mkwe hakucheka. Hakutukana pia, na hapo ndipo Redio alipoingiwa na hofu, kwa sababu mwanamke yule hakuwahi kuacha neno lipite bila kulirudishia. Akamwita. Mama mkwe akamtazama kama anayetazama ukuta, akasema watoto wawafunge mbuzi, mvua inakuja. Nyumbani kwao hapajawahi kufugwa hata kuku. Redio akamgusa paji la uso. Wote mle ndani walikuwa wanachuruzika jasho. Yeye alikuwa mkavu, na moto kama bamba la pasi.

"Mbebeni, tumtoe nje," Redio akasema.

Wakamlaza nyuma ya ukuta penye kivuli, wakamlegezea nguo. Redio akaburuta ndoo ya maji ya bombani. Kilihitajika kitambaa kikubwa, na kikubwa kilichokuwa karibu ni pazia la hoteli, limetoka kunyooshwa muda huohuo. Redio akaingia akalibeba; Bosi akamzibia mlango na kumwambia asithubutu.

"Pazia likilowa litakauka, Bosi," Redio akasema. "Huyu akizidi kukauka, utamwambia nini mwanawe? Mimi ndiye ninayelala na hasira zake."

Akampita, akalizamisha pazia lote kwenye ndoo, akamfunika mama mkwe toka shingoni hadi miguuni. Mkataji alitaka kumnywesha. Redio akamzuia, mtu asiyejitambua maji yatampalia. Wakampepea kwa maboksi, wakazidi kummwagia maji hadi bajaji ilipofika kumpeleka zahanati. Muuguzi akasema joto lilishampanda kichwani, na kwamba bila lile shuka la maji wangekuwa wanazungumza mambo mengine. Redio hakumsahihisha kuhusu shuka.

Kesho yake mama mkwe alikuwa amelala nyumbani, dirisha wazi, akilalamika kwamba maji ya kunywa hayana ladha. Redio akarudi kazini. Bosi alimsubiri mlangoni, pazia mkononi, doa limejichora katikati kama ramani. Akamwambia achague: aombe radhi mbele ya wote na afuate masharti, au ageuze njia arudi alikotoka.

"Pazia nitalifua," Redio akasema. "Kuliomba radhi, hapana. Halijaugua."

Akachukua chupa yake, akaingia nayo hadi kwenye meza ya pasi, akanywa taratibu huku wakitazamana. Kisha akafungua dirisha. Bosi akasema wengine wasijaribu kumwiga. Mshonaji wa cherehani ya pembeni akainuka, akafungua la kwake. Wengine wakatoka, wakarudi na chupa zao. Mkataji akapanga mikasi juu ya vitambaa ili visiruke, akawasha feni. Mikasi! Miaka yote hiyo dawa ya upepo walikuwa wanaivaa shingoni, wanaiva nayo.

Bosi akafoka kwamba atawafukuza wote, akauliza hoteli itajibiwa nini. Cherehani zikaanza kulia, vitambaa vikatulia chini ya mikasi, na hata Redio, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, hakuwa na la kuongeza. Bosi akabaki katikati ya chumba, shati limemganda mgongoni. Hakusema ndiyo, wala hakusema tena hapana. Akasogea kidogo, kana kwamba anakagua kitambaa, hadi upepo wa feni ukampata vizuri.