Mama Zeno wa Kwenye Fomu

Usiku wa jana niliota mume wangu, Kanisius Ndunguru, amekufa, na mimi sikulia kwa sababu nilikuwa bado namkasirikia.

Hasira yenyewe haikuanzia ndotoni. Nilipanda nayo kitandani. Wakati wa kula nilikuwa nimemwuliza jambo dogo: pesa zetu umeziweka wapi? Sikumwuliza ni kiasi gani, nilimwuliza wapi. Kahawa ya shamba la mteremkoni naichuma mimi, naimenya mimi, naianika mimi, na yeye ndiye anayekwenda mjini kuziweka pesa, tangu Zeno wetu alipokuwa ananyonya mpaka leo Zeno mwenyewe ana watoto. Najua ana benki, ana sakosi ya wakulima, ana laini za simu ambazo hata hesabu yake sina. Nikamwambia, "Baba Zeno, leo ukianguka, mimi naanzia wapi?"

Akaacha tonge kwenye sahani. "Mama Zeno, unanichuria? Mtu anakula, wewe unamwombea kifo?"

Akaenda kulala. Mimi nikabaki na vyombo.

Kwa hiyo ndotoni amekufa. Amekaa jikoni juu ya kigoda, amevaa suti ya kuzikiwa, anasubiri chai. Shavu lake moja limevimba.

"Umekufa lini?" namwuliza.

"Asubuhi hii. Sukari umeweka?"

"Shavuni una nini?"

"Namba za siri," anasema kwa shida, kama mtu aliyebugia muhogo wa moto.

"Ziteme."

"Haziruhusiwi kutoka. Kila siku redioni wanatangaza, namba ya siri usimwambie mtu yeyote."

"Na ukizikwa nazo?"

"Zitakuwa salama kabisa."

Nikamshika mkono wa koti, nikamtoa kwa mlango wa nyuma. Huko nyuma hakukuwa na banda la nguruwe wala kamba ya kuanikia nguo. Kulikuwa na benki.

Ni ukumbi mrefu, na sakafu yote imetandikwa magodoro. Juu ya magodoro zimelala akaunti, zimefunikwa mablanketi, nyingine zinakoroma. Kwenye kaunta hakuna mtu. Yupo Muhuri tu, wa mbao, mwenye kichwa cha mpira, amefunga tai, na mbele yake kuna kidau cha wino.

"Tumsifu Yesu Kristo," akasema Muhuri.

"Milele, amina. Nimefuata akaunti ya mume wangu."

"Hiyo imelala. Akaunti isipoguswa muda mrefu tunailaza. Ni utaratibu."

"Basi iamsheni."

"Anaiamsha mwenyewe tu."

"Mwenyewe huyu hapa." Nikamsukuma Kanisius mbele.

Muhuri akaitazama ile suti juu mpaka chini. "Huyu amekufa."

"Ndiyo."

"Mwenyewe anatakiwa awe hai. Akifa tunamtaka mrithi, na mrithi atuthibitishie kwamba mwenyewe amekufa."

"Si unamwona!"

"Namwona amesimama. Marehemu hasimami. Kaeni upande ule, mtaitwa."

Sikukaa. Nilianza kufunua mablanketi, moja baada ya jingine, huku Muhuri akiniambia kuwa si utaratibu. Yetu niliijua kwa harufu. Ilikuwa pembeni kabisa, ukubwa wa kiroba, na ilinukia kama mikono yangu wakati wa mavuno. Nikaitikisa.

"Nani?" akauliza Akaunti bila kufumbua macho.

"Otilia Hyera. Amka."

"Simjui."

"Kilichomo tumboni mwako nimekichuma mimi."

"Inawezekana," akasema Akaunti. "Mimi nilitambulishwa kwa Kanisius peke yake. Alinilaza hapa akasema anarudi sasa hivi. Mama, ni kweli nina ndugu? Nasikia tuko wengi, lakini hatujawahi kuonana."

Nikamgeukia marehemu. "Wako wangapi?"

Anahesabu kwa vidole. Anakosea, anakunja vidole vyote, anaanza upya. "Yupo mwingine nilimfungua Tunduru, enzi zile za korosho," anasema. "Nadhani bado yupo."

"Unadhani?"

"Nilikuwa kijana, Mama Zeno."

Nikatamani afufuke ili nimwue mimi. Mwanamume huyu anajua idadi ya kuku wa jirani. Anajua nani alikopa jembe letu mwaka gani na akalirudisha limepinda. Akiba ya nyumba yake ndiyo anadhani.

Hapo darini zikawaka laini za simu, zinaning'inia kama popo, zote zinazungumza kwa sauti ya mwanamke mmoja mpole. "Umekosea namba ya siri. Tafadhali jaribu tena."

"Sijabonyeza kitu!"

"Umekosea. Tafadhali jaribu tena."

"Baba Zeno, zitajie wewe!"

Baba Zeno akaziba mdomo kwa mikono miwili, akatikisa kichwa. Laini zikaniambia nimefungiwa kwa usalama wangu mwenyewe, zikanitakia siku njema.

"Hasira hasara, mama," akasema Muhuri.

"Hasara ninayo tayari. Niachie hasira."

Sakafu ikainama. Magodoro yakateleza yote upande mmoja, na sisi tukateleza nayo, na tulipofika chini tulikuwa ndani ya ofisi ya sakosi. Nilijua ni sakosi kwa sababu ya magunia ya mbolea ukutani. Kaunta ilikuwa ileile. Muhuri alikuwa yuleyule, ila amevua tai.

"Hapa afadhali," akasema. "Hapa marehemu alijaza fomu. Mrithi yupo."

Nikashusha pumzi. Nikamwangalia Kanisius na suti yake, nikamfuta vumbi begani. Kumbe alinikumbuka. Nilikuwa naelekea kumsamehe kabisa.

"Mrithi," akasoma Muhuri, "ni Mama Zeno."

"Ndiye mimi."

"Kitambulisho."

Nikampa. Akakigeuza huku na huku. "Hapa pameandikwa Otilia Alfons Hyera."

"Ndiye huyo huyo Mama Zeno. Mtaa mzima wananiita hivyo. Yeye mwenyewe ananiita hivyo!"

"Haiwezekani, mama. Mama Zeno ameshafika. Amekuwa wa kwanza kwenye foleni."

Nikageuka. Kwenye benchi ameketi mwanamke amevaa kanga yangu ya jikoni. Uso hana. Mahali pa uso ni laini tu, kama unga uliosawazishwa kwa kiganja. Mikono yake imetulia mapajani, na haina hata kovu moja.

"Wewe ni nani?" namwuliza.

"Mama Zeno."

"Jina ulilobatizwa?"

"Abee?"

"Baba yako anaitwa nani?"

"Chakula tayari."

"Kahawa ya mteremkoni nani aliipanda?"

"Sijui. Muulize baba yao."

Nikamwuliza mengine, akazunguka hapo hapo. Abee. Chakula tayari. Muulize baba yao. Hakuwa na neno la ziada. Hayo ndiyo Kanisius aliyokuwa anayafahamu siku ile aliposhika kalamu ya sakosi, na kwa hayo akaumba mtu.

Nilikasirika mpaka meno yakauma. Mwanamke huyu hajawahi kupanda mteremko ule na debe kichwani mvua ikinyesha. Hajawahi kuumwa na siafu chini ya mibuni. Hajazaa hata huyo Zeno anayejiitia. Ameumbwa mchana mmoja na mume mwenye haraka ya kurudi nyumbani, na sasa Muhuri anachovya kichwa kwenye wino ili ampe kila nilichotafuta maishani.

Akiba zikaanza kwenda kwake. Viroba vilitoka kila upande, kile changu cha harufu ya mikono kikiwa mbele, vikatembea polepole kuelekea benchi. "Mama," viliita. "Mama." Yule akanyoosha mikono. "Abee?"

"Kanisius!" nikapiga kelele. "Waambie jina langu!"

Viroba vilisimama.

Kanisius akakohoa ndani ya shavu lake. "Huyu," akasema, "ni Mama Zeno."

"Jina langu!"

Akainama, akanisogelea sikioni kama anayeomba chumvi kwa jirani. "Si unalijua."

"Mimi nalijua. Liseme wewe."

"Mbele za watu? Mwanamume anasimama hadharani anataja jina la mkewe?"

"Siku ile kanisani ulilitaja. Ulishika mkono wangu, kijiji kizima kinasikia, ukasema, mimi Kanisius nakupokea wewe... nakupokea wewe nani?"

"Uwe mke wangu," akasema Kanisius.

"Katikati hapo! Uliniruka!"

Akafumba macho, anatafuta. Namwona anatafuta. Midomo inacheza, namba za siri zinagongana ndani kama mahindi kwenye kopo. Akafumbua macho, na nikaona kwamba jina analo, liko pale pale nyuma ya meno, ila halina pa kupita. Amejaza mdomo siri mpaka mke amekosa njia.

"Mdomo ukijaa, dole gumba linakubalika," akasema Muhuri. "Mradi liwe la mtu aliye hai."

"Basi atakuwa hai," nikasema.

Nikamkamata mkono wa kulia. Akavuta, nikavuta. Nikalichukua dole gumba lake nikalikandamiza ndani ya kidau mpaka wino ukaruka, na pale pale nikamwinamia yule maiti usoni nikapiga ukelele ambao sijawahi kuupiga tangu nizaliwe.

"Amka! Amka wewe! Hufi mpaka uniandike!"

Magodoro yote yakashtuka. Akaunti zikakaa kitako, na yule wa kwenye benchi akasema, "Sijui." Mimi nikaamka.

Kumekucha. Shuka limelowa jasho. Upande wa Kanisius kitanda ni kitupu, lakini namsikia huko nyuma, karibu na banda la nguruwe. Kuna kitu kinasuguliwa, kwa nguvu na kwa siri, kama mtu asiyetaka kuamsha nyumba.

Nikatoka pekupeku. Amechuchumaa mbele ya beseni, ana kipande cha sabuni na dodoki. Anasugua dole gumba la kulia. Maji ya beseni ni ya buluu.

"Hicho nini?" nikamwuliza.

Akaficha mkono mgongoni. "Rangi."

"Rangi ya nini?"

"Ya ukuta."

"Ukuta tumepaka lini?"

Nguruwe walikoroma bandani, wanataka pumba zao. Nilisimama pale nikimtazama mtu huyu. Nimemfufua kwa mikono yangu, na bado kitu cha kwanza alichofanya baada ya kufufuka ni kwenda kunificha. Hata alama hiyo ya kwenye gumba alitaka iwe yake peke yake.

"Lete mkono."

Akautoa taratibu. Wino ulikuwa umeingia hadi kwenye mistari ya ngozi, hautoki leo wala kesho. Akauangalia, akaniangalia mimi, na sauti yake ilikuwa nyepesi, kama ya mtu aliyetema kitu.

"Otilia," akasema. "Huu si uchuro?"

Sitasema uongo, lilinipita mwilini. Sikuwa nimelisikia kinywani mwake tangu kanisani. Lakini jina la kuitwa kwenye beseni haliamshi akaunti iliyolala benki, na hasira yangu ilikuwa bado haijafika hata nusu.

"Acha kusugua," nikamwambia. "Vaa shati. Dole hilo utakwenda nalo benki hivyo hivyo, ukaniandike jina."