Baba Anaulilia Mpira

Baba yangu ameigiza tangu enzi zile mvua ya filamu ilipotoka kwenye bomba la zimamoto, na nyumba ikiungua, iliungua kweli. Siku hizi kila kitu kinapigwa picha kwenye ukumbi mmoja wenye kuta za kijani, halafu sisi watu wa kompyuta tunautoa ule ujani na kuweka mji, bahari, jeshi zima, chochote ambacho watazamaji wamezoea kukiona kwenye filamu za nje. Maseremala waliokuwa wakijenga seti sasa wanatengeneza vitanda. Baba alibaki kwa sababu ni mbishi.

Asubuhi ile alitakiwa amlilie mkewe anayekufa. Mkewe mwenyewe alikuwa mpira wa tenisi juu ya fimbo, maana mwigizaji wa kike alishapigwa picha zake peke yake akaenda zake. Baba aliutazama mpira, akajaribu, akashindwa. Akajaribu tena, akatoa sauti ya mtu aliyebanwa kidole na mlango. Wapiga picha wakacheka chini chini, nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Mwongozaji, mtu wa rika langu, akaniita pembeni.

"Dada, mzee ametuchosha. Ile sura yake uliyotengeneza kwenye kompyuta si iko tayari?"

"Iko tayari."

"Basi tuibandike kwa mtu mwingine, mambo yaishe. Nampa nafasi moja tu."

Baba alisikia, masikio yake hayajazeeka. Akanishika mkono.

"Mama, wasinitoe. Wakinitoa hapa, mimi ni wa kukaa kwenye kochi ningoje siku yangu."

Sijawahi kumsikia baba akiomba. Hakuomba hata hospitali, mama alipokuwa mahututi mwaka jana. Niliogopa.

Nikavaa mavazi ya kijani yanayofunika mwili na uso, yale tunayovaa tunapotakiwa kufutwa baadaye. Nikaung'oa mpira na fimbo yake, nikakaa mahali pake.

Baba akanishika mashavu kwa mikono miwili, akaanza kusema. Hayakuwa maneno ya filamu. Alimwita mama kwa jina walilokuwa wakiitana chumbani, akamwomba msamaha kwamba dakika ile ya mwisho alikuwa ametoka kununua maji. Machozi yalimtiririka mpaka shingoni. Mwongozaji alisahau kusimamisha kamera.

Baba alirudi nyumbani akiwapigia simu shangazi, baba wadogo na majirani, waje wamwone siku ya onyesho.

Mimi nikakaa kwenye kompyuta nijifute. Niliiagiza itoe kila kilicho kijani. Ikanitoa mimi, ikatoa na machozi. Nilikuwa nimemsogelea mno. Ujani wa mavazi yangu ulimulika kwenye uso wake ulioloa, na kompyuta haijui chozi, inajua rangi. Mashavu ya baba yalibaki na mashimo. Jambo hilo huwa nawafundisha wenzangu, lakini pale kwenye kiti sikuwa fundi, nilikuwa mtoto wake tu.

Nikamwomba mwongozaji anipe wiki nimrudishie machozi kwa mkono, moja moja. Nilimpigia magoti, kweli kabisa, pale sakafuni penye nyaya. Alinihurumia lakini hakunipa.

"Filamu inatoka Ijumaa, dada. Weka ile sura."

Nikaiweka. Ningekataa, angeiweka mwingine, tena ovyo.

Siku ya onyesho ukoo ulijaza safu mbili. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia baba. Sura ile ilipoanza kulia, machozi yakashuka pale pale yanapotakiwa, na shangazi akatoa leso. Nyuma yetu watu walikuwa wakipenga kamasi. Baba aliitazama mpaka mwisho bila kupepesa, kisha akaniinamia.

"Mwanangu," akasema taratibu, "yule mzee hajafiwa."

Shangazi akamshika bega kumpongeza, naye akamshukuru.